Mwenyekiti Anayefumba Macho

Bweni la Juu, kitanda cha dirishani
11 Februari

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua nzuri humjulia mtu hali na kumngoja ajibu, kana kwamba yuko mbele yako. Basi nimekuuliza, nimengoja, na nimejijibu kwa niaba yako kwamba hujambo ila miguu inakuuma kwa kusimama kutwa.

Wiki hii tulitakiwa kueleza kazi za watu wa nyumbani kwetu. Nikasimama nikasema Mama Mdogo wangu ni mtaalamu wa tiba kazi. Darasa zima likacheka. Msichana anayekaa nyuma yangu akauliza, "Kazi nayo inaumwa?" Mwingine akasema, "Basi aitibu na hii ya hesabu, imenishinda." Uso uliniwaka, lakini nilibaki nimesimama, maana nikikaa wakati nachekwa wataona nimekubali.

Nikawasimulia habari ya Babu. Niliwaambia kwamba baada ya kiharusi mkono wake wa kulia ulikuwa kama wa kuazima, na kila asubuhi aligombana na shati mpaka akalitupa chini. Nikawaeleza ulivyofanya. Ulimfunga vifungo vyote, ukamwachia kile cha mwisho tu. Alipokiweza, ukamwachia viwili vya mwisho, kisha vitatu. Niliwaambia ulivyonieleza siku ile, kwamba mgonjwa akianzia juu atachoka katikati na kila siku atabaki na shati wazi, lakini akianzia mwisho, kila siku ni yeye anayemaliza. Nikasema tiba kazi ndiyo hiyo: kumrudishia mtu shughuli zake, kuvaa, kula, kupika, kuandika jina lake. Hawakucheka tena. Yule wa nyuma yangu alinivuta pembeni akaniuliza kama unaweza kumwona shangazi yake.

Sasa swali. Babu alipokuja kunitembelea alisema umechaguliwa kwenye kamati ya chama chenu cha wataalamu wa tiba kazi. Aliisema kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi. Mbona mimi hukuniambia? Nimejivuna bweni zima kwa habari nusu, na habari nusu ni ngumu kujivunia, kila anayekuuliza zaidi unabaki unakohoa. Niandikie yote.

Mwanao,
Bi Swali


Chumba cha tiba kazi, hospitalini
3 Machi

Bi Swali wangu,

Marahaba, mwanangu. Miguu inaniuma kweli, kwa hiyo umejijibu vizuri.

Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nangoja wagundue kosa lao. Siku ya mkutano wa uchaguzi nilitoka nje ya ukumbi kupokea simu ya Babu yako, aliyetaka kujua miwani yake iko wapi (alikuwa ameivaa). Niliporudi, watu wanapiga makofi. Nikapiga na mimi, sikutaka kuonekana mtovu wa adabu. Nikamnong'oneza dada aliye karibu yangu, "Tunampigia nani?" Akanitazama. "Wewe."

Unanijua mimi na watu wengi. Nipe mgonjwa mmoja, nitaongea naye mpaka yeye ndiye aombe kupumzika. Nipe ukumbi, ulimi unakuwa ubao.

Nilikubali kwa ajili ya chumba chetu. Unakikumbuka: jiko fupi ambalo mtu wa kiti cha magurudumu analifikia, kitanda cha ukutani, sinki, rafu ya vikombe. Pale ndipo wagonjwa wanapojaribu kuishi tena kabla ya kurudi makwao. Mama anachemsha chai kwa mkono mmoja, na akimwaga, anamwaga mbele yetu, si peke yake. Sasa uongozi unataka pawe stoo ya dawa. Wanasema mazoezi tukafanyie koridoni. Mtu atajifunzaje kushuka kitandani koridoni, mwanangu? Bodi ya hospitali itaamua mwezi wa saba. Chama kimeomba nafasi ya kuongea mbele ya bodi hiyo, na msemaji ni Mwenyekiti wetu.

Huyo Mwenyekiti ni mama mrefu, ndiye aliyekianzisha chama tangu wataalamu wote walipokuwa wanaenea kwenye benchi moja. Akifungua mkutano asubuhi, hata viti vinakaa sawasawa. Nilimpelekea mambo yote ya chumba, nimeyaandaa vizuri, nikidhani kikao cha kwanza ataniambia niyaeleze. Alisoma, akasema, "Safi sana. Wewe utafunga mkutano."

Yaani kushukuru watu waliofika na kuwatakia safari njema. Hata mtoto wa chekechea anaweza. Nilifanya hivyo nikiutazama mguu wa meza. Nilipoinua macho, Mwenyekiti alikuwa ameyafumba ya kwake.

Hiyo ndiyo habari nzima. Sasa jivune nayo ukiweza.

Mama Mdogo


Bweni la Juu
17 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Nimejivuna nayo. Sehemu ya makofi niliifupisha.

Nimemuuliza mwalimu wa mdahalo, bila kukutaja jina, mtu anayeogopa ukumbi afanye nini. Amesema achague mtu mmoja wa safu ya nyuma kabisa, amwambie yeye tu, na wengine watadhani wanaambiwa wao. Nimejaribu kwenye mdahalo wetu. Nilimchagua msichana wa safu ya nyuma, kumbe alikuwa na kiu, katikati ya hoja yangu akatoka kwenda kunywa maji. Nilipotea kidogo. Kwa hiyo nakushauri uchague mtu aliyekwisha kunywa maji.

Labda Mwenyekiti alifumba macho ili asikilize. Mimi hufanya hivyo nikisomewa imla. Nataka kujua zaidi juu yake. Anacheka? Ana watoto? Anakuitaje?

Kuhusu chumba, nimeshindwa kulala mchana wa Jumamosi kwa kukiwaza. Ni pale Babu alipojifunza kukaanga yai, akalichoma, akasema limeiva. Wakikichukua, akina Babu wengine watachomea wapi mayai yao? Tafadhali usichoke haraka na kamati. Najua si vizuri mtoto kumwambia mkubwa asichoke, lakini nimeiandika kwa mwandiko mzuri.

Mwanao,
Bi Swali


Hospitalini
28 Aprili

Bi Swali,

Mwandiko nimeuona. Lakini nimechoka, na leo nakuambia wewe kwa sababu nikimwambia Babu yako atakuja na fimbo kumtafuta Mwenyekiti.

Vikao viwili vimepita tangu nikuandikie. Kimoja alinipa kusoma maazimio, yaani yale tuliyokubaliana, halafu kufunga. Cha juzi alinipa maswali ya wajumbe, maazimio, na kufunga. Kila mara ananitupia mkia. Yeye anachukua kichwa na kifua, mimi napewa mkia. Wajumbe wameanza kunitania. Mmoja ananiita Bi Safari Njema. "Karibu, Bi Safari Njema, leo unatufunga saa ngapi?" Nacheka nao, lakini nikifika nyumbani kicheko hakipo.

Na si kunipa mkia tu. Nikisimama kuongea, macho yake yanaanza kushuka. Kope zinashuka polepole mpaka zinafunga, kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akinijibu anaongea kwa puani, maneno yanateleza, kama vile sistahili hata kufunguliwa mdomo vizuri. Kalamu ananisukumia mimi niandike, yeye hata jina lake haandiki. Tukimaliza tu, anatokea mlango wa pembeni bila kumuaga mtu. Asubuhi ni mwingine kabisa. Asubuhi anakumbatia watu, anauliza watoto, anacheka mpaka unapenda. Kwa hiyo najua anaweza. Ni zamu yangu ikifika ndipo anapochoka na dunia.

Uliuliza ananiitaje. Ananiita "binti." Nina miaka arobaini na moja.

Nimeamua kikao kijacho nimwambie anitoe. Kuhusu chumba, ataenda kuongea yeye, si ana kichwa na kifua? Mimi nitarudi kwa wagonjwa wangu, ambao hawana ajenda.

Usihuzunike. Kula vizuri.

Mama Mdogo


Bweni la Juu
5 Mei

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, mara ya kwanza nililia, mara ya pili nikakasirika, mara ya tatu nikaanza kucheka mpaka jirani yangu wa kitanda akaniuliza kama nina homa.

Mama Mdogo, hili ni shati la Babu.

Tazama. Kikao cha kwanza alikuachia kufunga tu. Cha pili maazimio na kufunga. Cha tatu maswali, maazimio na kufunga. Anakufungia vifungo vya juu na kukuachia vya chini, na kila kikao anakuongezea kimoja. Wewe unaita mkia, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba anayeanzia mwisho ndiye anayemaliza kila siku. Na umekuwa ukimaliza. Hukuandika kwamba ulimi ulikuwa ubao kwenye kikao cha tatu. Wala hukutaja mguu wa meza. Nimetafuta kwenye barua, haupo.

Nadhani Mwenyekiti aliona unaogopa, akaamua akutibu bila kukuambia, kama wewe ulivyokuwa humwambii Babu kwamba ni mazoezi. Ulimwambia tu, "Baba, nimalizie hicho, nachelewa." Na kufumba macho labda ni ili usijione unatazamwa.

Tafadhali usitoke. Kikao kijacho utaona atakuachia kikubwa zaidi.

Samahani kama nimekosa adabu. Nimefurahi sana, ndiyo sababu mistari inapanda juu.

Mwanao,
Bi Swali


Hospitalini
19 Mei

Mwanangu,

Nilipofika kwenye neno "shati" nilikaa chini. Nilikalia mpira wa mazoezi, ukateleza, nikakaa chini kweli. Mgonjwa wangu akaniambia, "Taratibu, daktari, anza na mkono wa kuegemea," maneno yangu mwenyewe.

Kwanza nilichukia. Yaani mimi ni mgonjwa? Nimefanya kazi hii miaka yote, watu wazima nimewafundisha kushika kijiko, halafu nifanyiwe mimi na nisijue? Halafu nikawaza kikao cha tatu. Ni kweli. Maswali niliyajibu yote, na moja niliwachekesha kwalo. Sikukuandikia kwa sababu nilikuwa na hasira, na hasira haina nafasi ya habari njema.

Jumamosi asubuhi nikaenda nyumbani kwa Mwenyekiti. Sikutaka kumwambia kwa maneno yangu, nikamsomea barua yako. Alicheka mpaka akashika meza. Akasema, "Soma tena hapo pa shati." Nikasoma. Akafuta macho. Hakukana wala hakukubali, alisema tu, "Huyo mtoto wako anaandika kwa wino wa dhahabu," akaomba abaki na barua, akachukua anwani yako. Nikaomba radhi kwa kumdhania vibaya. Akasema, "Binti, tuyaache hayo. Mbele ya bodi, mimi nitafungua. Mengine yote ni yako."

Yote, Bi Swali. Umepatia. Nilirudi nyumbani kwa miguu ili nifurahi kwa muda mrefu zaidi. Nimeanza kumwambia mtu wa safu ya nyuma kuhusu chumba chetu, ingawa safu ya nyuma ni kabati langu la vyombo.

Ninayekupenda,
Mama Mdogo


Nyumbani, asubuhi na mapema
26 Mei

Kwa Bi Swali,

Hujambo, mjukuu wangu wa hiari. Hunijui ila kwa sifa mbaya, na sasa kwa sifa nzuri mno. Mimi ndimi yule mwenye kope.

Naandika asubuhi kwa sababu asubuhi mkono wangu unanitii. Ukiona mwandiko unalegea kuelekea chini ya ukurasa, si uvivu.

Barua yako imenivika vazi ambalo sikulishona. Sikuwa namfundisha Mama yako Mdogo kuanzia mwisho. Natamani ningekuwa na akili hiyo. Ukweli ni huu: nina ugonjwa wa misuli kuchoka upesi. Nikiamka ni mtu mzima. Kadiri ninavyoongea na kutumia mikono, ndivyo nguvu zinavyokwisha, kama taa inayoishiwa mafuta. Kope zinashuka na siwezi kuziinua. Sauti inahamia puani. Kalamu inanitoka. Nikipumzika, zinarudi. Mwaka jana niliweza kuongoza kikao mpaka mwisho. Mwaka huu mwisho ulinishinda, nikampa yeye. Kisha maazimio yakanishinda, nikampa. Kisha maswali. Natokea mlango wa pembeni kwa sababu nikiagwa lazima nijibu, na sauti haipo.

Nilimpa yeye kwa sababu alikuwa ameandaa kazi yake vizuri kuliko wote, na kwa sababu ndiye mpole, nikajua hataniuliza. Hiyo sababu ya pili haipendezi, lakini ipo.

Sikumwambia yeyote. Nimetumia maisha yangu kuwaambia watu wasione aibu kusaidiwa. Mambo haya, mjukuu wangu, ni mepesi kuyasema ukiwa upande wa pili wa kitanda.

Sasa sikiliza tatizo langu. Mama yako Mdogo alipoingia kwangu Jumamosi ile alikuwa ameinua kichwa. Sijawahi kumwona hivyo. Anaamini kuna mtu aliyemtazama, akamwamini, akampanga hatua kwa hatua. Nilifungua mdomo nimsahihishe, sikuweza. Bodi iko mwezi wa saba. Nikimwambia sasa kwamba hapakuwa na mpango, kwamba nilikuwa namwachia nisichoweza kubeba, naogopa kichwa kitashuka na chumba kitakwenda nacho. Nikinyamaza, ataingia mbele ya bodi akidhani mimi ni ukuta nyuma yake, na mimi ni pazia.

Wewe ndiye uliyempa ujasiri huo. Sipendi kuuchukua bila kukuuliza. Ungekuwa mimi, ungefanyaje?

Jibu kama unavyojibu darasani, ukiwa umesimama.

Mwenyekiti


Bweni la Juu
2 Juni

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Shikamoo. Pole sana kwa ugonjwa. Nimeandika "pole sana" mara tatu kwenye karatasi nyingine nikitafuta neno kubwa zaidi, sikulipata.

Kwanza nimeona aibu. Nilikuwa na hakika kabisa, na nilikosea. Nilichukua vitu vya kweli, macho, sauti, kalamu, mlango, nikavipangia hadithi niliyoipenda mimi.

Nimesimama, kwa hiyo najibu. Tafadhali mwambie.

Sababu yangu ni ya nyumbani. Babu alipoanza kupata nafuu, jirani mmoja mwenye huruma alikuwa akimwambia kila siku kwamba mkono umepona kabisa, ili kumtia moyo. Babu akaamini, akabeba sufuria ya maji ya moto, ikamponyoka. Mama Mdogo alimfunga Babu jeraha, kisha akatoka nje kwa jirani. Nilikuwa mlangoni. Hakumfokea. Alimwambia, "Ungemwambia mkono ulivyo, angeniita tubebe pamoja."

Nadhani na yeye angetaka kuambiwa ulivyo, ili akuite mbebe pamoja.

Kuhusu kichwa chake kushuka, sijui. Inawezekana kitashuka. Lakini maswali ya kikao cha tatu aliyajibu yeye, hata kama mpango haukuwepo. Hilo halikuwa hadithi yangu.

Naomba umwambie asubuhi, ukiwa na sauti, maana atauliza mengi. Mimi nimeitwa Bi Swali, lakini nilirithi.

Mjukuu wako wa hiari,
Bi Swali


Hospitalini
14 Julai

Mwanangu,

Najua umengoja. Babu yako anasema kila ukipiga simu ya shule unauliza "Mama Mdogo ameandika?" kabla ya kumsalimu. Msalimie kwanza, analalamika.

Aliniambia. Alikuja hapa chumbani asubuhi kabla ya wagonjwa kufika, akakaa kwenye kiti chao, si kile cha wageni. Akanieleza yote, bila kupamba. Akaniambia pia kwamba alikuandikia na ulivyomjibu.

Unajua kilichoniuma? Si kwamba hapakuwa na mpango. Kope zinazoshuka kadiri siku inavyokwenda, sauti ya puani, kalamu inayoteleza: mgonjwa angeingia nazo mlangoni pangu, ningeziona kabla hajakaa. Kila kikao nilikuwa naye meza moja, na sikuona mtu anayechoka. Niliona mtu anayenidharau. Nilikuwa najitazama mimi mwenyewe usoni pake.

Nikamwambia hivyo. Akasema, "Na mimi nilijificha mbele ya mtu ambaye kazi yake ni kuona." Tukacheka kidogo. Kisha nikamwambia, "Nipe mikono," nikafanya kazi niliyopaswa kuifanya tangu mwezi wa pili. Nikampima nguvu za vidole, nikamwonyesha namna ya kuegemeza kidevu kwenye ngumi ili taya lisichoke, namna ya kugawa maneno yake, atumie pale yanapohitajika na apumzike kabla. Akatii kama mwanafunzi. Mwishoni akauliza, "Kwa hiyo bado unataka kuongea mbele ya bodi?" Nilitafuta hofu yangu, nikaikuta ipo, lakini ilikuwa imekaa kando, kama mtu anayesubiri zamu. Nikasema ndiyo.

Bodi ilikuwa imetupanga mwisho wa ajenda, mchana. Nikaenda kwa katibu wa bodi, mimi peke yangu, nikaomba watuweke asubuhi. Akauliza, "Kwa sababu gani?" Nikasema ya kitabibu. Akauliza nani mgonjwa. Nikasema, "Mchana wajumbe wenu wote watakuwa wagonjwa wa usingizi." Alicheka, akatupandisha wa kwanza.

Siku yenyewe mjumbe mmoja akachelewa, na bila yeye hawaanzi. Tukangoja kwenye benchi. Watu wanapita, kila mmoja anamsalimu Mwenyekiti, na kila salamu inamla. Nikaanza kuwajibu mimi kwa niaba yake. Nikamnong'oneza kwamba akitaka nitafungua mimi pia. Akatikisa kichwa. "Chama nilikifungua mimi," akasema. "Na hili nalifungua."

Tukaingia. Alisimama. Akawasalimu, akajieleza, sauti nzuri. Akasema, "Kabla hamjaamua, tunawaomba mje..." na hapo ikakatika. Mdomo ukasogea, sauti haikutoka. Kope zikaanza kushuka.

Mimi nimekaa pembeni yake na maneno yote ninayo, mpaka yale ya kwake, tulikuwa tumeyaandaa pamoja. Ningeweza kuimalizia ile sentensi na hakuna ambaye angejua. Mwenyekiti wa bodi aliona vilevile. Akanigeukia kwa upole akasema, "Endelea wewe, mama."

Katika kazi yetu kuna kitu cha kwanza tunachofundishwa, na ndicho kigumu kuliko vyote: mgonjwa akikwama na kijiko njiani kuelekea mdomoni, weka mikono yako nyuma ya mgongo. Ukimsaidia mapema, umemnyang'anya. Niliikunja mikono yangu nyuma ya kiti, nikaishika yenyewe kwa yenyewe.

Nikasema, "Hajamaliza."

Mwenyekiti wetu akakaa. Akaegemeza kidevu kwenye ngumi. Mjumbe mmoja akakohoa, mwingine akatazama saa, na mimi nikawatazama wote, mmoja mmoja, sikutafuta wa safu ya nyuma. Wakatulia. Tukangoja, ukumbi mzima ukingoja mwanamke mmoja apate pumzi. Kisha akainua macho na kusema, polepole, kila neno likisikika, "...mje mkae nasi pale asubuhi moja."

Halafu akanigusa bega. Nikasimama nikaongea mpaka nikamaliza.

Walikuja. Walikaa kwenye vile viti vifupi, magoti kifuani, wakamtazama baba mmoja aliyepooza upande akiwachemshia chai. Iliyomwagika ilikuwa nyingi kuliko iliyofika vikombeni, na walikunywa yote. Chumba kimebaki. Kitanda kimebaki. Rafu moja tumewaachia waweke maboksi ya dawa, na mimi kila siku nayasukuma pembeni kwa kiuno.

Mwenyekiti anang'atuka kwenye mkutano mkuu, mwezi ujao, wakati wa likizo yako. Jina langu limependekezwa. Safari hii nimeandika mwenyewe kwamba nakubali. Sijui kama nitapita, kuna mwenzangu mmoja mzuri sana anayegombea pia, na wakimchagua yeye nitamfanyia kazi kwa moyo wote. Lakini nataka kupita. Ni mara yangu ya kwanza kuandika neno hilo, "nataka," juu ya jambo la namna hii, na nimeliandika kwako.

Anataka uje mkutanoni. Nimemwambia utakuwa na maswali mengi, amesema ndiyo maana anakuita.

Uje asubuhi, mwanangu. Asubuhi anaongea sana.

Ninayekupenda,
Mama Mdogo